Mtori wa Kibosho, uji wa pilipili wa Tanga

Nina watoto wawili, na kila mmoja nililelewa uzazi wake kwenye jiko tofauti. Wa kwanza nilikuwa kwa wakwe zangu Kibosho, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, ambako ndizi ndiyo chakula na asubuhi za mwezi wa saba baridi yake inaingia mpaka kwenye mifupa. Wa pili nilikuwa kwetu Tanga, Ngamiani, mikononi mwa mama yangu na bibi mzaa mama. Watu huniuliza wapi nilitunzwa vizuri zaidi. Swali hilo silijibu, kwa sababu nilichokiona ni kwamba majiko yale mawili, pamoja na tofauti zake zote, yalikuwa yanafanya kazi moja. Kazi hiyo ndiyo ninayoiona ikipotea mijini huku viungo vyake vikiuzwa kwenye pakiti.

Nianze na mtori, maana wengi wanaujua wa hotelini tu.

Mama mkwe alikuwa anaingia mwenyewe kihambani, kati ya migomba na kahawa, kuchagua mkungu wa mshare uliokomaa lakini bado ni wa kijani kabisa. Ndizi ikianza kuiva, hata kidogo, mtori unakuwa na utamu usiotakiwa. Kabla ya kumenya alipaka mikono mafuta, maana utomvu wa ndizi ukishika vidole unatia weusi usiotoka kwa sabuni, na kila aliyoimenya aliitumbukiza kwenye maji hapohapo. Mifupa ya ng'ombe yenye nyama ilikuwa jikoni tangu alfajiri. Nyama ilipolainika akaiopoa, akazimimina ndizi na vitunguu kwenye ile supu, akafunika. Baadaye ndipo ilipokuja kazi yenyewe, ya kuponda kwa mwiko ndani ya sufuria, taratibu, mpaka pasibaki bonge hata moja. Nyama aliichambua nyuzinyuzi kwa vidole, akairudisha, akamalizia na samli. Mtori wa mzazi hauliwi kwa kijiko, unanywewa kwenye kikombe. Mtoto yuko ziwani upande mmoja, kikombe kiko mkono wa pili. Kikiisha, kinajazwa bila mtu kuuliza kama umeshiba.

Wakati ule niliona ni upendo tu. Baadaye muuguzi wa kliniki alinieleza kwamba mama anayenyonyesha anahitaji takribani kalori 500 zaidi kwa siku kuliko alivyokuwa anahitaji kabla ya ujauzito. Mwanamke aliyechoka, aliyepoteza damu, ambaye hapati usingizi wa saa tatu mfululizo, atazipata wapi kwa sahani ya wali anayokula haraka huku mtoto analia? Kwenye kikombe cha mtori mna wanga, protini, mafuta, chumvi na maji, na hakuna cha kutafuna. Wale wazee walikuwa wameshalitatua tatizo hili kabla hatujazaliwa. Tena muuguzi yule alinionya nisidhani supu ndiyo inayoleta maziwa. Maziwa yanaletwa na mtoto kunyonya, mara kwa mara, usiku na mchana. Supu ni ya kumshika mama asianguke.

Kuna jambo moja la Kibosho ambalo siwezi kulisahau. Zamani kwa Wachagga mzazi alikuwa anapewa mlaso, yaani damu ya mnyama iliyochanganywa na maziwa na mafuta, ili arudishe damu yake. Mimi ni Muislamu, damu siili. Shangazi mmoja wa mume wangu, mama mtu mzima wa heshima zake, alikuja kunitazama akauliza kwa nini sijapewa. Nikanyamaza, maana sikujua nianzie wapi. Mama mkwe ndiye aliyejibu. "Huyu damu haruhusiwi kwao. Lakini ini analila, na mnafu upo shambani." Siku ya kuchinjwa mbuzi wangu wa uzazi aliitwa jirani Muislamu kutoka bondeni aje achinje yeye. Nilipewa ini, lililokaangwa na vitunguu, na mboga ya majani ya mnafu iliyochemshwa kidogo tu, na limao juu yake.

Ukilitazama jambo lile kwa macho ya lishe, mama yule hakupunguza kitu. Alichokuwa anakitafuta kwenye mlaso ni madini ya chuma, na ini lina chuma kingi ambacho mwili unakichukua kwa urahisi. Chuma cha majani ya kijani kinapita kwa shida zaidi, ila vitamini C ya limao inakisaidia. Chai ya rangi kwenye mlo inakizuia, na ndiyo maana wauguzi husema vidonge vya kuongeza damu visimezwe kwa chai. Mama mkwe hakuwa na habari ya hayo yote. Alichojua ni lengo la chakula, na anayejua lengo anaweza kubadilisha njia. Nimekutana na watu wengi wanaoshika desturi kwa nguvu ambao wangenilazimisha mlaso, au wangeniacha bila chochote.

Na kupumzika! Kule sikushika jembe wala ndoo ya maji. Nikiinuka kuosha kikombe changu mwenyewe nilikuwa narudishwa kitandani. Wazee wa Kichagga walikuwa wanampa mzazi kama miezi mitatu ya kulishwa na kukaa ndani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa wa kike likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 kama amezaa zaidi ya mtoto mmoja. Nilipoona tarakimu hiyo kwenye barua yangu ya likizo niliwakumbuka wazee wale, maana walikuwa wamekwishaifikia kwa macho tu.

Tanga hali ilikuwa tofauti kwa sababu safari hii nilizaa kwa upasuaji.

Kwetu Pwani mzazi anakandwa. Maji yanachemshwa na majani, kitambaa kizito kinachovywa, kinakamuliwa, kinabandikwa tumboni na kukandamizwa, kisha tumbo linafungwa kwa mkaja. Bibi yangu amewakanda wanawake wa mtaa mzima, pamoja na mama yangu mwenyewe. Lakini hospitali walisema waziwazi kwamba tumbo lenye mshono lisiguswe kwa maji ya moto wala kukandamizwa, na kidonda kikae kikavu. Mama alikuwa na wasiwasi namna ya kumwambia bibi. Aliponiona nimekaa kimya, bibi akasema mwenyewe: "Mjukuu wangu, tumbo lililokatwa si la kukanda. Nipe miguu yako." Akanikanda miguu iliyokuwa imevimba, akanikanda mgongo na mabega. Siku maziwa yalipojaa mpaka matiti yakawa magumu, aliyabandika kitambaa cha uvuguvugu kabla ya kunyonyesha, akanifundisha kukamua kidogo kwanza ili mtoto aweze kushika chuchu. Muuguzi aliyekuja kunitazama alisema hivyohivyo ndivyo wanavyofundisha wao wodini.

Uji wa pilipili manga sasa. Mchele unalowekwa, unatwangwa ukiwa na unyevu, unachekechwa. Unga huo unapikwa na tui jepesi, huku unakoroga usiache, maana unashika chini upesi kuliko uji wa mahindi. Sukari guru, iliki, mdalasini, na pilipili manga iliyotwangwa wakati uleule. Bibi haamini pilipili iliyokaa kwenye kopo. Tui zito linaingia mwishoni, na likishaingia sufuria inaepuliwa. Uji wenyewe unauma kooni taratibu, kisha joto linatambaa kifuani. "Uji wa mzazi usipomtoa jasho ni uji wa mgonjwa," ndivyo bibi anavyosema. Watu wa Pwani wanaamini unasafisha tumbo. Mimi ninachoweza kushuhudia ni kwamba tumbo la uzazi hurudi kwenye ukubwa wake lenyewe kwa muda wa kama wiki sita, iwe umekunywa pilipili au hukunywa, lakini mwanamke aliyekunywa uji wa moto wenye nazi saa kumi na moja alfajiri ana nguvu ya kuikabili siku.

Hizo wiki sita zinanivutia. Arobaini yetu inakaribiana nazo kabisa. Sheria hiyohiyo ya ajira inakataza mwanamke kurudi kazini ndani ya wiki sita baada ya kujifungua, isipokuwa daktari athibitishe kwamba anaweza. Na kliniki wanataka wamwone mama na mtoto karibu na siku ya 42. Sidhani kuna aliyemnakili mwenzake. Mwili wa mwanamke ndio uliowaambia wote.

Baada ya upasuaji tatizo ambalo halisemwi hadharani ni choo. Unaogopa kujikamua kwa sababu ya mshono, na vidonge vya kuongeza damu vinafanya choo kiwe kigumu zaidi. Bibi hakunipa jani lolote la porini. Alinipa papai asubuhi, juisi ya ukwaju mchana, na maji tele. Mchana mama alinipikia mchuzi wa samaki changu, mwepesi, wenye bizari na limao. Papa mkavu nilimtamani lakini presha yangu ilikuwa imepanda mwishoni mwa mimba, na papa ni chumvi tupu, kwa hiyo mama alimficha mpaka vipimo vilipokaa sawa. Kila nilipoamka kulikuwa na tende kwenye kisahani. Bibi huisoma aya ya Sura Maryam, pale Bi Maryam alipoambiwa autikise mtende akiwa kwenye uchungu ili zimwangukie tende mbivu, na kwake hiyo inatosha.

Shangazi yangu aliyeolewa Muscat alituma uwatu, zile mbegu chungu. Kwao Oman, anasema, mzazi asipopewa uwatu familia inasemwa. Unalowekwa usiku kucha, ukipigwa asubuhi unatoa povu jeupe, na uchungu wake unabaki ulimini. Jasho langu lilianza kunukia utamu wa ajabu, na mtoto naye. Je, uliongeza maziwa? Siwezi kuapa, kwa sababu siku zilezile mtoto alikuwa anashinda ziwani. Ila jambo moja lijulikane: uwatu unashusha sukari ya damu, kwa hiyo anayetumia dawa za kisukari asiuanze kimyakimya bila kumwambia daktari wake.

Kule wodini alikuwako muuguzi wa kujitolea kutoka Korea Kusini. Siku moja alitusimulia kwamba kwao mzazi anakula supu ya mwani, wanayoiita miyeok-guk, kila siku kwa wiki kadhaa, na kisha mtoto huyo atakula supu hiyohiyo kila siku yake ya kuzaliwa, kumkumbuka mama yake aliyemzaa. Bibi aliposikia alishangaa sana. Zanzibar wanawake wanalima mwani kwa biashara tangu 1989, na huku kwetu mwambao wa Tanga wapo wanaolima pia, lakini karibu wote ni wa kuuza nje. Wa Korea si aina ileile, lakini bibi hilo halikumshughulisha. Alichouliza ni nani anayempikia mzazi supu hiyo. Yule dada akajibu kwamba ni mama yake mzazi au mama mkwe. "Basi ni sisi tu," akasema bibi. Jirani yetu Mkikuyu naye alikuwa na lake: kwao ni njahi, zile maharage nyeusi zenye mstari mweupe, na uji wa wimbi. Ndizi, mchele, njahi, mwani. Kila mahali kuna chakula laini cha moto, na kila mahali kuna mtu mwingine aliyesimama jikoni.

Sasa niseme yaliyo magumu, kwa sababu si kila kinacholetwa kwa mzazi kwa jina la asili kinafaa kupokelewa.

La kwanza ni maji na dawa ya chango kwa mtoto mchanga. Mtoto wangu wa pili alikuwa analia kila jioni, na haikupita wiki mtu wa ukoo akaleta chupa ya mizizi iliyochemshwa. Mama aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaiweka juu ya kabati, na juu ya kabati ikabaki mpaka ikamwagwa. Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji kitu zaidi ya maziwa ya mama, hata maji, hata Tanga kwenye joto la mwezi wa pili. Tumbo lake ni dogo, kila kijiko cha maji kinachukua nafasi ya maziwa, na chupa isiyochemshwa ni mlango wa kuhara. Asali tunaiheshimu sana, lakini kabla ya mwaka mmoja isiguse ulimi wake, kwa sababu inaweza kuwa na vimelea vya sumu ambavyo utumbo wake bado hauwezi kuvishinda.

Kitovu nacho kiachwe kikauke. Majivu, mavi ya ng'ombe, mafuta ya kila aina, vyote hivyo vimewaletea watoto pepopunda. Hapa bibi alibisha, kwa kuwa yeye alitumia majivu kwa watoto wake na wakapona. Tulimwomba muuguzi aongee naye, mtu mzima kwa mtu mzima, bila sisi wajukuu kuwepo. Bibi aliporudi alinawa mikono na kunawisha kila aliyeingia chumbani. Tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa mlinzi wa kile kitovu.

Udongo wa kula, ule unaouzwa sokoni kwa vipande, ninaujua utamu wake. Karibu kila mjamzito ninayemfahamu ameutamani. Lakini unazuia madini ya chuma yasiingie mwilini, na unaweza kuja na minyoo, kwa hiyo unaila damu ileile uliyokuwa unaitafuta. Hamu kubwa ya udongo yenyewe mara nyingi ni dalili kwamba damu imepungua, na inafaa kumwambia muuguzi akupime. Dawa za kuharakisha uchungu ni hatari kuliko zote hizi. Zinaweza kubana mfuko wa uzazi kwa nguvu mpaka ukapasuka, na hakuna anayejua kipimo. Bibi yangu, ambaye amezalisha zamani hizo, haziruhusu nyumbani kwake. Anasema pia mwarobaini usinywewe na mwenye mimba, kwa sababu unaharibu ujauzito. Watu wanaodhani wazee wanasema ndiyo kwa kila jani hawajakaa nao.

Na ziko dalili ambazo hakuna uji wala mtori unaozitibu: damu inayojaza pedi harakaharaka, homa, usaha au harufu mbaya, maumivu makali ya kichwa na macho kuona giza. Kifafa cha mimba kinaweza kumpata mama hata baada ya kujifungua. Hapo ni hospitali, usiku uleule.

Kinachoniuma ni ninachokiona Dar es Salaam. Kwenye simu nakutana kila siku na matangazo ya pakiti za viungo vya uji wa uzazi, mikaja ya kununua yenye vyuma na kulabu, mafuta ya kurudisha tumbo. Mwanamke analetewa mzigo mlangoni kwa bodaboda. Kisha anasimama mwenyewe, siku ya tatu, na mshono wake, kwenye jiko la gesi la chumba kimoja, kuupika huo uji, huku nepi zinamsubiri kwenye beseni. Pilipili manga anayo, iliki anayo. Aliyekuwa anakoroga ndiye hayupo. Na hatumlaumu mtu, maana mama zetu wako mbali, nauli ni ghali, wifi anafanya kazi zamu za usiku. Ila tusidanganyane kwamba tunachomuuzia ni desturi yetu.

Wifi yangu mdogo anajifungua mwezi ujao Tabata. Mama mkwe hawezi tena kushuka mlimani, magoti yamechoka. Kwa hiyo tumekaa kikao cha ukoo kwa simu, tumepanga. Dada mkubwa wa mume wangu anakuja wiki mbili za kwanza na kulala hapohapo. Mimi niko karibu, ninachukua kufua na kumpeleka kliniki. Mama yangu ananitumia uji wa pilipili kila Ijumaa, ingawa mzazi ni Mchagga na hajawahi kuunywa, amesema ataujaribu. Baba wa mtoto ana siku tatu za sheria, na ameomba likizo yake ya mwaka aziunganishe. Jumapili iliyopita alipika mtori wa majaribio, mama mkwe akimwelekeza kwenye simu, ukatoka mweusi. Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kama ndizi alikuwa anazitia kwenye maji kila anapomenya moja, au alizimenya zote kwanza. Alizimenya zote kwanza. Jumapili hii anarudia.